Uso Niliokabidhi Dirishani

Watu walikuwa wakiniletea vitambulisho. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu Voi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mtu anakuja na kitambulisho chake, au cha baba yake, au cha nyanya yake aliyepigwa picha mara moja tu maishani, siku ya kuandikishwa, nami naikuza ile picha ndogo iwe picha ya kutundika sebuleni. Naweka juu yake karatasi angavu yenye miraba, nachora miraba mikubwa kwenye karatasi yangu, kisha nahamisha uso mraba kwa mraba: jicho hapa, tundu la pua pale. Si kazi ya ajabu. Asiye na haraka anaweza kujifunza, na mimi nilijifunza ingawa haraka ninayo, tena nyingi.

Nilikaa barazani mwa duka la leso nyuma ya soko. Mwenye duka alikuwa mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walipanda kutoka Mombasa zamani wakifuata reli. Alinipa kona ile bila kunidai chochote, ila alinikataza kabisa kugusa leso zake. Hakukosea. Mikono yangu ilikuwa myeusi kuanzia kucha hadi kiwiko, kwa sababu makaa ya kuchorea nilichoma mwenyewe. Nilichukua vijiti vya mpera, nikavibandua maganda, nikavipanga ndani ya mkebe wa kakao wenye tundu moja kwenye kifuniko, nikaufukia kwenye jiko. Moshi ukikoma, mkebe unatolewa na kuachwa upoe ukiwa umefungwa. Ukiufungua mapema unakuta majivu. Mwarobaini niliujaribu pia, ukanipa vijiti vigumu vya kukwaruza karatasi, nikavitupa vyote njiani kwa hasira.

Mteja wa Voi hakuwa wa kusifu. Akishapewa picha yake aliitazama, akatazama kitambulisho, akairudia picha, halafu akasema neno moja: "Ndiye." Basi. Na kama siye, alisema siye. Nilipomchora marehemu mume wa yule mama wa duka, alinirudishia karatasi mara mbili. "Siye, mwanangu. Huyu uliyenichorea ana hasira, na mume wangu sikumwona na hasira hata siku moja. Hebu mtazame tena vyema." Nilimtazama tena, nikagundua nilikuwa nimemtilia mdomo wangu mimi. Nilipolegeza pembe za ule mdomo, yule mama alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Ehe," akasema. "Ndiye." Neno hilo ndilo nililokuwa nikilifanyia kazi.

Rangi zilinisumbua zaidi kuliko makaa. Nilikuwa nimenunua Mombasa boksi la pasteli, vijiti vya rangi kavu, zenye rangi ishirini na nne, na za kahawia zilikuwa mbili tu. Waliozitengeneza hawakuwa na watu wa Voi akilini. Kahawia ziliisha kabla ya mwezi kwisha, waridi na samawati zikabaki nzima, nami kila nilipofungua boksi nilizitazama kama wageni waliokataa kuondoka.

Kaka yangu ndiye aliyenitatulia tatizo hilo. Alikuwa amenizidi miaka minane, na alifanya kazi Kishushe, akichimba mawe ya thamani ya kijani kwenye mashimo ya watu. Kushuka Voi kulitegemea lori, na lori la Kishushe lilikuja lilipotaka. Siku moja alifika na kopo la majani ya chai lililojaa udongo wa kahawia iliyokolea, akaliweka mezani kwangu.

"Si unalia rangi? Hiyo ni rangi," akasema. "Huko kwetu tunaikanyaga bure."

Niliuchekecha kwenye kitambaa, nikaukanda na maji ya gundi ya mgunga, nikauviringisha kwa kiganja uwe vijiti, nikaanika kivulini. Rangi ile ilikaa kwenye karatasi kama ngozi ya mtu wa kwetu aliyetoka juani. Toka hapo kila aliposhuka aliniletea kopo, na kila aliposhuka nilimwambia akae nimchore. Hakukaa. Alikula, akanyoosha miguu, akajifunika gazeti usoni akalala. "Nichore siku nikiwa na gari," alikuwa akisema. Mpaka leo ninalo daftari lenye mikono yake, viatu vyake, na mgongo wake akiwa ameinamia sahani. Uso niliuacha kwa siku nyingine. Niliona uso wa ndugu yangu hauna pa kwenda.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, ukuta wa shimo ulibomoka akiwa chini. Mwenzake alitoka, yeye hakutoka. Barabara zilikuwa zimekatika, ikachukua siku mbili kumfikisha Voi nyuma ya trekta la ranchi, akiwa amefunikwa turubai. Sitaeleza zaidi. Wajomba walishuka kutoka kwetu, milimani juu ya Mwatate, wakagawana kazi kama ilivyo desturi. Mmoja alishika jeneza, mwingine kaburi na chakula cha waombolezaji. Mimi nikapewa karatasi za serikali kwa kuwa mimi ndiye niliyezoea mji. Mjomba mkubwa alinipa bahasha. Ndani mlikuwa na kitambulisho cha kaka, walichokikuta mfukoni mwa shati lake.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Kwenye dirisha la ofisi, karani aliniuliza maswali machache kwa upole, akaandika, akakitoa kitambulisho kwenye bahasha, akakikata pembe kwa mkasi kama wanavyofanya cha mtu aliyefariki, akakiweka kwenye kasha pamoja na vingine. Akanipa kibali cha mazishi. Nilisema asante.

Nilisema asante, nikaondoka. Mimi ambaye kazi yangu ya kila siku ilikuwa kupokea vitambulisho vya watu, niliubeba uso wa kaka yangu ndani ya bahasha nusu siku nzima na sikuifungua. Watu walidhani nilisahau. Sikusahau. Niliogopa kumtazama, nikasema moyoni nitamtazama baadaye, nikishamaliza shughuli.

Kutoka ofisini nilipita kwa fundi aliyekuwa akitengeneza jeneza, Mkamba mmoja aliyekuwa na karakana yake kando ya barabara kuu. Aliacha randa, akanipa mkono.

"Pole sana, dada. Sanduku itakuwa tayari saa kumi. Sasa picha ya marehemu iko wapi, nipime fremu?"

Kwetu picha hutangulia jeneza njia nzima hadi kaburini. Kila mtu anajua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachora za matanga ya watu nisiowajua, kumi au zaidi. Nilisimama mbele ya yule fundi, na ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilikimbia. Nilipofika dirishani, lilikuwa limeshafungwa hadi Jumatatu.

Jumatatu, kaka akiwa ameshazikwa, nilirudi. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaniletea lile kasha anionyeshe. Lilikuwa tupu. Vitambulisho vilikuwa vimepelekwa Nairobi asubuhi hiyo hiyo. Hakuwa na kosa lolote, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa nimekuja nikitafuta mtu wa kugombana naye.

Picha nyingine hatukuwa nayo. Zile chache za nyumbani mama alikuwa ameziweka kwenye sanduku chini ya kitanda, na mchwa walizila miaka mingi nyuma. Imebaki moja ya shule, wanafunzi wote wamepangwa mistari, na kaka amegeuza kichwa kumtazama mtu nyuma yake. Kinachoonekana ni sikio.

Siku ya mazishi fundi alikuwa ameshatengeneza fremu, kwa hiyo ilibebwa hivyo hivyo, ndani yake karatasi yenye jina. Mama alitembea nyuma yake bila kuuliza neno. Aliuliza jioni ya siku ya kumaliza matanga, wageni walipokwisha kuteremka. Mimi na mama tulizungumza Kidawida, lugha ya kwetu, siku zote, na hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili jinsi niwezavyo.

"Kitambulisho kiko wapi?"

"Nilikikabidhi, mama. Ndiyo sheria."

"Ulimchora kwanza?"

Niliangalia chini. Mama alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, na mikono yake haikusimama.

"Basi utamchora," akasema. "Ila usikawie. Macho yangu nayo yanaondoka."

Ilikuwa kweli. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kuingia, jicho moja kwanza, halafu la pili. Tulimwambia kuhusu matibabu, akasema baada ya mavuno, na mavuno yalipopita akasema baada ya mengine. Nadhani alihofia kwamba wakimgusa macho, kile kidogo alichobakiwa nacho, pamoja na uso wa mwanawe alioushikilia humo ndani, kingepotea. Hakulisema hilo. Nalisema mimi.

Kila mwisho wa mwezi nilipanda nyumbani na karatasi zangu na mkebe wa makaa. Tulikaa mlangoni, penye mwanga. Mama alisema, mimi nikachora. Paji liinue. Kidevu kikaze. Nyusi hazikukutana hivyo, ziachanishe. Nilikosea, nikafuta kwa nyama ya mkate, ile sehemu laini ya ndani, niliyoikanda vidoleni, nikachora tena. Kisha mama alichukua karatasi, akaisogeza hadi karibu na pua, akaigeuzageuza kufuata mwanga.

Picha ya kwanza alisema, "Huyu ni mjomba wako."

Ya pili alicheka. "Huyu ni wewe, umevaa kofia."

Nilicheka pia, siku hiyo. Ya tano na ya sita hatukucheka. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa nikipanda kilima kile kama mwanafunzi ambaye hakufanya kazi aliyopewa. Nilijua pia jambo ambalo sikuthubutu kumwambia. Mashavu aliyoniambia niyajaze yalikuwa mashavu ya mtoto. Mimi nilimkumbuka mwanamume aliyejifunika gazeti usoni, mwenye mikunjo ya jua. Mama alimkumbuka mvulana aliyemtuma kuni. Tulikuwa tukichora watu wawili kwenye karatasi moja, na hakuna aliyekuwa tayari kumwacha wake.

Kitu kimoja hakukibadilisha hata mara moja. "Jicho la kushoto lishushe," alikuwa akisema. "Lilikaa chini kidogo kuliko la kulia." Nami nilikataa. Nilikuwa nimechora nyuso mamia, nikaona najua macho yanavyokaa. Nilidhani ni ule ukungu machoni mwake uliokuwa ukimpotosha. Nililishusha kidogo ili anyamaze, kisha akigeuka nikalirudisha.

Siku moja aliligusa kwa kidole. "Hukulishusha," akasema.

"Mama, macho ya watu hayakai hivyo."

"Ya huyu yalikaa."

"Basi mchore mwenyewe!"

Nilikitupa kijiti cha makaa sakafuni kikavunjika, nikaifuta ile picha nzima kwa mkono wa sweta, kazi ya siku mbili. Hasira yangu naijua, ni ya karibu na inapoa haraka, lakini hufika kabla yangu. Mama aliinama, akapapasa sakafuni mpaka akavipata vile vipande vya makaa, akanirudishia kimoja kimoja kiganjani.

"Ningekuwa na macho ningemchora," akasema. "Ningemchora kabla ya kumpeleka popote."

Hayo tu. Hakuwahi kunilaumu kabla ya siku hiyo, na hakurudia tena. Niliteremka Mwatate kwa miguu nikilia njia nzima, na watu waliotoka sokoni walinipa pole wakidhani nimefiwa. Na kweli nilikuwa nimefiwa.

Sikupanda miezi mitatu. Kisha nikakumbuka kopo la mwisho la udongo wa Kishushe. Lilikuwa chini ya meza yangu, na sikuwa nimeligusa tangu kaka afe, kwa sababu ni udongo ule ule uliomfunika. Nililichukua, nikachekecha, nikakanda na gundi, nikaviringisha vijiti. Mikono iliijua kazi, ikaifanya. Nilichora kwa vijiti hivyo, nikikoleza kivuli kwa makaa. Safari hii sikubishana. Nilimchora mvulana wa mama, mwenye mashavu, kama nilivyoelekezwa, isipokuwa lile jicho. Hilo niliendelea kulikatalia mpaka mwisho.

Nilipoipeleka, mama alikuwa akiona mwanga na kivuli tu. Alipitisha kidole shavuni taratibu, akakileta kidole puani akakinusa.

"Umempaka nini?"

Nilimwambia. Sikuona sababu ya kumdanganya. Nilimwambia udongo umetoka wapi na nani aliuleta. Alikaa nayo mapajani kwa muda mrefu. Nilisubiri lile neno, kama nilivyolisubiri kwa wateja wote, ila sikuwahi kulisubiri namna ile.

"Mtundike," akasema.

Ilikuwa hivyo tu. Niliitundika kwenye ile fremu ya fundi, mahali pa ile karatasi ya jina, na nilitaka kuiwekea kioo kwa kuwa rangi ya namna ile haishiki, ikiguswa inatoka. Mama alikataa kioo. Kila asubuhi, jirani aliniambia, aliamka akapapasa ukuta hadi kwenye fremu, akagusa lile shavu, ndipo akawasha moto. Vidole vyake viwili vilikuwa na rangi ya kahawia siku zote. Kila nilipopanda niliongeza udongo mahali palipofifia, kimyakimya, akiwa ameketi nje, na sidhani kwamba hakujua.

Aliishi hivyo miaka minne. Alifariki nyumbani mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, asubuhi, kitandani mwake, bila kumsumbua mtu. Nilikuwapo. Wajomba walikuja wamezeeka, wakagawana kazi, na karatasi za serikali zikaja kwangu bila mtu kuuliza. Mjomba mkubwa alinikabidhi kifurushi kidogo cha kitambaa alichokitoa kwenye kibweta cha mama, chini ya kadi za kanisa. Kilikuwa kitambulisho chake cha zamani. Watu walipoambiwa wabadilishe vitambulisho, mama alikataa. Alisema uso wake umeshaandikwa na hana mwingine.

"Wahi," mjomba akaniambia. "Wanafunga saa saba."

"Wakifunga nitaenda kesho."

Alinitazama usoni, akaenda kukaa nje.

Nilikaa mezani, nikafungua kitambaa. Sikuwahi kuiona picha ile kwa makini. Mama alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, ameambiwa asicheke, ameinua kidevu. Niliweka miraba juu yake nikaanza na paji, kama kawaida. Nilipofika mstari wa tatu mkono ulisimama. Jicho la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Nilipima kwa rula nisijidanganye. Lilikuwa chini kwa nusu ya mraba.

Uzeeni, kope zikiwa zimemvimba na macho yamefunikwa ukungu, tofauti hiyo haikuonekana. Miaka yote ile nilikaa naye magoti kwa magoti, yeye akinieleza uso, nami nikitazama karatasi.

Nilimaliza picha ya mama. Kisha, bila kuondoka kitini, nilichukua karatasi nyingine nikaweka macho yale yale mahali pale pale, nikakaza kidevu, nikaongeza mikunjo ya jua, nikaweka lile sikio la picha ya shule. Sikufuta hata mara moja. Kaka alitoka mzima, mtu mzima, kana kwamba ndio kwanza ameondoa gazeti usoni.

Mjomba aliingia kunihimiza. Aliona karatasi mezani, akavua kofia.

"Ndiye," akasema.

Neno hilo nilikuwa nimelingoja miaka saba, na lilipokuja lilitoka kwa mtu mwingine. Nilimshukuru. Niliingia na picha chumba cha ndani alikolazwa mama, nikaiegemeza kando ya kitanda, upande wa mkono wake wa kulia, ambao vidole vyake viwili vilikuwa bado na rangi ya udongo. Kisha nilikifunga kitambulisho kwenye kitambaa chake, nikateremka nacho Mwatate kukikabidhi.